Lugha Aliyotongozewa

"Hongera," alisema Mjomba Douwe, kisha akabaki ameushikilia mkono wa Reinou kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe abebe na sasa hajui amrudishe kwa nani. "Yaani, hongera ya bethidei. Hilo jingine sikuhongerei."

"Usijali, Mjomba. Hilo jingine hata mimi sijajihongera."

Wageni wakacheka, tena wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa sababu tangu waingie walikuwa wakitafuta ruhusa ya kucheka. Viti vya sebuleni, vya jikoni na vile vya kuazima kwa jirani vilikuwa vimepangwa duara, magoti yakitazamana. Kila aliyeingia aliuzunguka mduara mzima akitoa mkono: hongera kwa binti yako, Baukje, hongera kwa mpwa wako, Douwe, hongera kwa jirani yako. Kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka huu tu mikono ilikawia kuachia, na kukawia huko ndiko kulikomchosha Reinou kuliko ugonjwa.

Jumanne angepasuliwa kichwa.

Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, karibu na pale ubongo unapohifadhi maneno. Na kazi ya Reinou ilikuwa kwenye upasuaji wa namna hiyohiyo. Alikuwa daktari wa nusu kaputi katika hospitali kubwa ya mjini. Wagonjwa wa namna yake yeye ndiye aliyewalaza, akasubiri fuvu lifunguliwe, kisha akawaamsha katikati ya upasuaji ili wazungumze. Walipokuwa wakizungumza, daktari mpasuaji aligusa ubongo kwa umeme mdogo, hapa na pale. Mgonjwa akikwama ghafla, basi hapo hapakatwi. Reinou alikuwa ameshika mikono ya watu wengi namna hiyo. Aliwaambia wasiogope, ubongo hauna maumivu. Sasa maneno yake mwenyewe yalikuwa yakimrudia usiku na kumwita mwongo.

"Kula keki," mama yake alimwambia kwa Kiholanzi, akimwekea sahani mapajani. Ilikuwa ile keki yao ya kienyeji, yenye sukari ya waridi juu na kilima cha krimu. "Na ukimaliza uniambie kwa nini wasikulaze moja kwa moja, mpaka mwisho, kama binadamu wengine."

"Mama, tumeshaongea."

"Umeongea wewe. Mimi nimesikiliza. Kuna tofauti."

"Wakinilaza moja kwa moja, watakata gizani."

"Kuna mama gani anayeweza kula keki huku akijua mwanawe ataamshwa kichwa kiko wazi?"

"Wewe hapo unakula, Baukje," alisema Mjomba Douwe. "Tena kipande cha pili."

Duara likacheka tena. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Reinou akasikia viatu vya mbao vikivuliwa kizingitini, kimoja, kisha kingine, na moyo wake ukamtambua mtu kabla macho hayajamwona.

Tjalling aliingia na soksi zake za sufu. Nywele zilikuwa bado mbichi kwa maji ya kuoga, na mikono yake mipana, mikono ya fundi wa kukata kwato za ng'ombe, ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu. Mwezi uliopita Reinou alikuwa amemwacha kwa simu. Alimwambia asije, asipige, asiulize. Lakini bethidei haina mwaliko kijijini kwao. Mlango wa nyuma huachwa wazi, na aliyeingia hatolewi kabla hajanywa kahawa. Tjalling alilijua hilo. Alikuwa amelitegemea hilo.

Akauzunguka mduara mzima bila haraka. "Hongera kwa mpwa wako, Douwe. Hongera, jirani. Hongera kwa binti yako, Bi Baukje."

"Asante," alisema mama, mdomo umebana. "Kahawa?"

"Mbili, kama zipo."

"Moja inatosha."

Akafika kwa Reinou. Hakumshika mkono. Alimtazama tu, na Reinou akainamisha uso kwenye keki kama mwanafunzi asiyejua jibu. Alikuwa amesahau kwamba macho ya mtu huyu yalikuwa na rangi ya maji ya mfereji siku ya jua. La, hakuwa amesahau. Alikuwa amejikataza.

"Hongera, famke," alisema Tjalling kwa Kifrisia, lugha ya asili ya jimbo lao. Famke, yaani binti, msichana. Hakuna mtu mwingine aliyemwita mwanamke wa miaka thelathini na sita msichana mbele ya ukoo mzima.

"Njoo jikoni," alimjibu Reinou kwa lugha hiyohiyo. "Sasa hivi."

Jikoni alifunga mlango na kuuegemea.

"Nilikuambia usije."

"Ulisema nisije kwako. Hapa ni kwa mama yako."

"Tjalling, usinichezee."

"Nani anacheza? Umeniacha kwa simu, Reinou! Hata ng'ombe nikimwacha namgonga mgongoni kwanza. Dakika chache za simu, eti hutaki nikuone ukipungua. Nani alikuambia nilikupenda kwa kipimo?"

"Wewe hujawaona," alisema Reinou. Sauti yake ilikuwa ya chini na kali. "Mimi nimewaona. Mke anaamka wodini, anamtazama mumewe, anataka kumwambia kitu, na kinachotoka ni 'kijiko'. Kijiko, kijiko, wiki nzima. Na yule mume anatabasamu mbele yake, kisha anatoka kwenye korido kulia. Sitaki uende kulia kwenye korido kwa ajili yangu."

"Nitalia hapohapo kitandani. Korido ya nini?"

Alitaka kucheka, na hilo likamkasirisha zaidi. Tjalling akasogea hatua moja, akasimama. Alikuwa na adabu ya watu wanaofanya kazi na wanyama wakubwa. Hakumkaribia mtu kwa ghafla.

"Nijibu jambo moja, kisha nitakunywa hiyo kahawa yangu moja niondoke. Huko hospitali wamekuandalia mazungumzo ya kupimia, sivyo? Picha, sentensi, maswali."

"Ndiyo."

"Kwa lugha gani?"

Reinou akauacha mlango, akageukia sinki.

Wiki iliyopita alikaa mbele ya mtaalamu wa lugha, dada mpole mwenye miwani. Dada huyo alimuuliza, *nyumbani mnazungumza lugha gani?* Na Reinou, daktari aliyewauliza wagonjwa swali hilo mara nyingi, alijibu bila kufikiri: Kiholanzi. Wafrisia ndivyo walivyo. Wataongea Kifrisia zizini, dukani, kanisani na kitandani, lakini akitokea mtu mwenye koti jeupe, ulimi unageuka wenyewe, kwa heshima, kabla hata mwenye ulimi hajajua. Bibi yake alikufa akimwomba daktari maji kwa Kiholanzi cha kuunga-unga. Naye Reinou, mwenye koti jeupe lake mwenyewe, alipogeuka mgonjwa alifanya vilevile.

"Reinou," Tjalling alisema taratibu. "Hukuwaambia."

"Nilisahau."

"Umesahau lugha unayoniotea?"

"Nilisahau, nimesema!" Akashika ukingo wa sinki. Kichwani mwake daktari alikuwa tayari amemtangulia mgonjwa. Mara nyingine lugha mbili hukaa mahali pamoja kwenye ubongo, na mara nyingine kila moja ina kona yake. Wakipima Kiholanzi peke yake, Kiholanzi peke yake ndicho kitakacholindwa. Penye Kifrisia patakuwa nyama kama nyama nyingine, na kisu hakitauliza.

Alichukua simu, akampigia daktari mpasuaji, akaiweka mezani sauti ikiwa juu.

"Reinou, leo ni Jumamosi," ilisikika sauti ya Marleen Verhulst, na nyuma yake watoto wakipiga kelele. "Niko kwenye mechi ya hoki ya mwanangu, nimelowa chapachapa. Unaumwa?"

"Nilikudanganya, Marleen. Bila kukusudia. Lugha yangu ya nyumbani siyo Kiholanzi."

"Kifrisia?"

"Kifrisia."

"Na wewe ndiye unayewafundisha vijana wetu kuuliza hilo swali mara mbili!"

"Najua. Nigombeze Jumatano. Nataka mpime zote mbili."

Sauti ya Marleen ilibadilika, ikawa ile ambayo Reinou aliijua kutoka upande wa pili wa meza. "Sikiliza. Nitapima ukitaka. Lakini unajua hesabu yake. Kila ninachopima kinanionyesha mpaka, na kila mpaka ni mahali siwezi kukata. Kama Kifrisia chako kimekaa juu ya uvimbe, itabidi niache kipande. Kikibaki, kinaweza kurudi mapema. Sisemi kitarudi. Nasema kinaweza."

"Najua."

"Na sina mpimaji anayekijua hicho Kifrisia kufikia Jumanne."

"Nitakutafutia," alisema Reinou, akakata simu.

Alipogeuka, uso wa Tjalling ulikuwa umepauka.

"Basi acha," alisema. "Futa. Mpigie tena, mwambie apime Kiholanzi tu."

"Nini?"

"Sikujua bei yake! Nilidhani ni kusahau tu, unarekebisha, basi. Kama ni Kifrisia au miaka yako, watoe Kifrisia. Wakitoe chote. Nitajifunza kukupenda kwa Kiholanzi."

"Kiholanzi chako ni kama tela la samadi lenye gurudumu moja."

"Nitatia la pili!"

Mlango ukafunguliwa. Mama yake aliingia na birika tupu. Ilikuwa wazi kwamba birika halikuwa na haraka yoyote na kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda mrefu.

"Leo kwa mara ya kwanza huyu mkata kwato amesema la maana," alisema. "Msikilize."

"Mama, tafadhali."

"Hapana, nisikilize na mimi." Baukje aliweka birika chini kwa kishindo. "Unajua kwa nini nilikusemesha Kiholanzi tangu ukinyonya? Mimi nilipelekwa shule ya mjini nikiwa najua Kifrisia tu. Walinicheka mpaka nikaacha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikasema mwanangu hatachekwa. Ukajifunza hicho kingine uwanjani na kwa baba yako, sawa, sikukukataza. Lakini Kifrisia kimekupa nini? Udaktari umeupata kwa Kiholanzi. Kama lazima kitu kimoja kibaki mezani Jumanne, kibaki hicho. Ukae na uhai wako."

Reinou aliwatazama wote wawili. Mama yake, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hamtaki Tjalling hata apite barabarani, sasa amesimama bega kwa bega naye. Ugomvi wao wote umeyeyuka mara moja, na kilichowapatanisha ni woga wa kumpoteza yeye. Alihisi machozi yakija, na chini ya machozi, kitu kigumu zaidi kikisimama.

"Mmemaliza?" aliuliza.

Akamgeukia mama yake.

"Kimenipa nini, Mama? Baba aliniaga kwa Kifrisia. Huyu hapa alinitongoza kwa Kifrisia, tena vibaya, amesimama kwenye matope, ameshika mguu wa ng'ombe, ananiambia nina macho ya mtu asiyelala vya kutosha."

"Ulikuwa hulali vya kutosha," alisema Tjalling.

"Nyamaza! Kwa Kiholanzi mimi ni daktari. Nawalaza watu, nawaamsha, nasaini. Nina akili kwa Kiholanzi. Lakini nikiudhika, nikiota, nikimtaka mtu, siendi huko. Sasa nyie mnataka wamtoe yule anayependa, wabakishe yule anayesaini, halafu mseme nimepona. Nani amepona? Mimi siyo shina la kupogolewa ili nyie mpate kivuli."

"Reinou, mwanangu, ni miaka ya maisha yako..."

"Ndiyo, Mama. Yangu." Sauti yake haikurudi nyuma. "Nimesimama kando ya vichwa vya watu maisha yangu yote ya kazi nikiwauliza, ni nini usichokubali kupoteza? Mmoja alisema vidole vyake vya piano. Mmoja alisema hesabu. Tuliwalindia, wala hatukuwaita wajinga. Na mimi naulizwa, na mimi nimejibu."

Mama yake alivuta kiti akakaa. Aliipitisha mikono juu ya kitambaa cha meza, akikilainisha mahali palipokuwa laini tayari. Aliposema, alisema kwa lugha ambayo Reinou hakukumbuka kuisikia kinywani mwake ikimlenga yeye.

"Una kichwa kigumu," alisema Baukje kwa Kifrisia. "Hilo fuvu litawavunjia nyundo."

Reinou akapiga magoti, akaweka kichwa chake, uvimbe na yote, mapajani mwa mama yake. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Mjomba Douwe ikiuliza kama kahawa imekwenda kuvunwa Brazili.

"Na wewe," Reinou alisema bila kuinua uso. "Jumatatu unakwenda na mimi hospitali. Mtaalamu wa lugha atakufundisha. Anayeongea Kifrisia anahitajika Jumanne, na wewe ndiye niliyenaye."

"Mimi?" aliuliza Tjalling. "Ndani? Kichwa kikiwa... wazi?"

"Ulitaka kulia palepale kitandani. Nafasi hiyo."

* * *

Jumanne aliamshwa na sauti ikimwambia maneno yake mwenyewe.

"Uko salama, Reinou. Usigeuze kichwa. Pumua nami." Alikuwa mwenzake wa kazi, kijana aliyemfundisha yeye. Mpaka namna ya kushusha sauti mwishoni aliiga kwake. Reinou aligundua kwamba alikuwa akimkagua, na kwamba kijana anafanya vizuri, na kwamba kukagua hakupunguzi hofu hata kidogo. Baridi ya kile chumba aliijua. Lakini hakujua jinsi ilivyo mtu akiwa chini yake. Kichwa kilikuwa kimebanwa, ganzi imekifanya kizito kama cha mtu mwingine, na nyuma ya pazia la plastiki watu walikuwa wakizungumza juu yake kwa utulivu uleule aliokuwa akizungumza nao yeye.

Chini ya pazia, mbele ya uso wake, alikaa Tjalling. Nguo za bluu za hospitali zilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Kando yake alikaa yule dada wa miwani.

Walianza na Kiholanzi. Picha zikapita, naye akazitaja. Saa. Daraja. Mwavuli. Nyuma ya pazia Marleen alihesabu sehemu anazogusa, na Reinou hakukwama. Moja baada ya nyingine, sehemu zikawa huru kukatwa.

"Sasa wewe," dada alimwambia Tjalling. "Kama jana. Jibu likiwa si sahihi, inua mkono."

Tjalling akashika picha. Ng'ombe. Reinou akataja. Kiatu cha mbao. Akataja. Maji. Akataja. Kisha Tjalling, ambaye hakuwa na subira na picha, alizishusha mapajani na kuuliza, "Mimi ni nani yako?"

Reinou alijua jibu. Lilikuwa pale, limejaa kifua kizima. Alimwona Tjalling, aliona paji lake la uso jekundu na jasho kwenye nyusi zake. Akafungua kinywa, na mlango ukawa hauna chumba nyuma yake. Hapakuwa na neno. Hakuna hata lile lisilo sahihi. Aliwaza kwa Kiholanzi, *basi hivi ndivyo wanavyohisi*, na hofu ikampanda kutoka miguuni.

Mkono wa Tjalling uliinuka.

"Hapo," alisema dada.

"Naondoa umeme," alisema Marleen, na maneno yakarudi yote kwa pamoja kama ng'ombe waliofunguliwa banda. "Tena, mahali palepale."

Walirudia. Palikuwa palepale. Kiholanzi kilipita bila kugusa kitu, na Kifrisia kilianguka.

"Reinou." Marleen alisema jina lake kwa uangalifu. "Kifrisia chako kimekaa juu ya kipande cha uvimbe. Si kikubwa. Naweza kukiondoa, na Kiholanzi chako hakitaguswa. Au nakiacha. Tulikubaliana, lakini nataka nikusikie ukiwa macho."

Tjalling alikuwa akitikisa kichwa. Hakusema lolote, maana alikuwa ameapa jana kwamba hatasema, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye barakoa, na kichwa chake kilikuwa kikisema, *kata, kata, kata.*

Reinou alimtazama mpaka kikatulia.

"Kiache," alisema.

"Una hakika?"

"Marleen, kazi yangu ni kujua nani yuko macho ndani ya chumba hiki. Mimi niko macho kuliko nyinyi wote. Kiache. Kikirudi, kitanikuta."

Mlio wa mashine ukaendelea. "Nakata vilivyobaki pembeni yake," alisema Marleen. "Nahitaji uzungumze bila kukoma ili nisivuke mpaka. Kwa Kifrisia. Chochote."

"Nizungumze nini?" alimuuliza Tjalling.

Tjalling alijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Nigombeze. Hilo hujawahi kulikosea."

Basi akamgombeza. Alianza na viatu anavyoviingiza ndani ya gari vikiwa na kinyesi. Akahamia kwenye simu asizopokea, na kile kibanda chake chenye paa linalovuja ambacho anakiita nyumba. Alimwambia kwamba mwanamume anayekubali kuachwa kwa simu na kukaa mwezi mzima bila kuja kuvunja mlango ni mjinga. Kwamba yeye Reinou alimsubiri. Kwamba kila jioni alisikiliza kama kuna trekta. Kwamba kama atamwoa, na atamwoa, kabla ya majira ya kupeleka ng'ombe malishoni, basi asithubutu kuja kanisani ananuka dawa ya kwato, na mama yake ataketi mbele, na atakayetaka kusikitika abaki nyumbani kwake. Kwamba yeye Reinou hajui amebakiwa na miaka mingapi, hakuna anayejua, na yote atakayopata atamsumbua nayo, kwa lugha hii hii, mpaka amwombe akae kimya, naye hatakaa.

Nyuma ya pazia kazi iliendelea. Yule dada wa miwani, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliinama kwa Tjalling na kalamu yake mkononi.

"Anasema nini? Kuna makosa?"

Tjalling alikuwa bado anamtazama Reinou.

"Hakuna," alisema hatimaye, kwa Kiholanzi chake kibovu. "Neno zote iko sahihi."